Mdomo Wangu Ulipohamia Kushoto

Kama leo asubuhi umesukutua kinywa na maji yakakumwagikia kifuani bila wewe kutaka, keti kwanza. Usikimbilie kioo. Mimi nilikimbilia, na nilichokiona humo kilinifanya nimwite mke wangu kwa sauti ambayo hakuitambua. Nusu ya uso wangu, upande wa kulia, ilikuwa imelala. Jicho la upande huo halikufunga. Mdomo ulikuwa umevutwa kushoto kama kitambaa cha meza kilichovutwa na mtoto. Wakati ule nilimtafuta mtu mmoja tu aliyewahi kuupata ugonjwa huu aniambie unaishia wapi, nikamkosa. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kupooza uso ni taabu kwa yeyote. Kwangu ilikuwa zaidi, kwa kuwa nilikuwa mpiga honi. Mchana nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha katani hapa Thika, na hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa honi. Si tarumbeta. Ni ile honi ya duara, mabomba ya shaba yaliyojisokota, ambayo jeshini tuliiita frenchi honi na watu wa Thika wakaiita Konokono. Unaikalisha pajani. Mkono wa kushoto unabonyeza vali, na mkono wa kulia unaingia ndani ya tundu lake kubwa linaloangalia nyuma, na humo ndani kiganja kinaifungua sauti au kuifinya. Lakini yote hayo ni bure kama midomo haitetemeki sawasawa kwenye kidomo, kile kipande kidogo cha kupulizia. Mpiga honi asiye na mdomo ni kama fundi cherehani asiye na vidole.

Nilijifunza katika bendi ya jeshi wakati wa vita vikuu. Vita vilipokwisha nilirudi na muziki kichwani, chombo kikabaki kwa wenyewe. Honi niliyokuwa nayo Thika ilikuwa ya mjane mmoja wa Kizungu mwenye shamba la kahawa kule Ruiru. Marehemu mumewe alikuwa akiipiga. Alipopata habari kwamba kuna Mluhya pale Thika anayeijua, aliniita, akanisikiliza, akaniazima kwa sharti moja: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi niende Ruiru nikampigie pale barazani kwake, asikie kwamba bado iko hai. "Siku honi hii ikinyamaza," alisema, "itarudi hapa." Kwa miaka kadhaa haikunyamaza hata mwezi mmoja.

Kwa honi hiyo nilianzisha bendi ya kanisa. Jumanne jioni walikuja wanaume wa kwetu magharibi, wa katani, wa kiwanda cha mikebe, wa mashamba ya mananasi, na makoneti yao, zile tarumbeta fupi, yaliyobonyea. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa na sajini wetu: mimi napiga, wewe unarudia, ukikosea napiga tena. Sikuwa na maneno ya kufundishia na sikuona haja ya kuwa nayo.

Basi uso ulilala katika msimu wa baridi, ule wa ukungu usioondoka hadi saa sita mchana. Mke wangu, Mama Rispa, alinifunga shuka kichwani, tukaenda hospitali.

Benchi la hospitali ndilo lililonifundisha subira, na sikuwa mwanafunzi mzuri. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu waliletwa na askari, wakahudumiwa kwanza, wakaondolewa, na sisi wengine tukasogea kiasi cha tako moja. Jicho langu lilikuwa likitoka machozi lenyewe, na mama mmoja aliyekaa kando yangu alidhani nimefiwa, akanipa pole na kunipa kiazi kitamu kutoka kwenye kikapu chake. Nilishindwa kumweleza. Nilikila kile kiazi, nusu ikaniangukia pajani, naye akatazama pembeni ili nisione haya. Sijamsahau mama yule.

Daktari alinitazama kwa haraka akaniachia dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, Mkikuyu wa makamo aliyeitwa Kariuki. Huyo ndiye aliyekuwa daktari wangu kwa miezi iliyofuata.

"Mwarimu," aliniambia, "hii si kurogwa na si kiharusi. Ni mshipa ya uso imelala. Kuna watu inaamka yote, kuna watu inaamka nusu."

"Na kuna wasioamka?"

Alifunga jicho langu kwa pamba na plasta. Kisha akasema, "Tutajaribu."

"Nitapiga honi tena?"

"Mimi najua ya kula uji, mwarimu. Ya honi sijui."

Alinitengenezea kulabu ya waya iliyovikwa mpira, ncha moja ikiushika mdomo pembeni, nyingine ikining'inia nyuma ya sikio, ili shavu lisizidi kushuka. Nilitembea mji mzima nikiwa nimetundikwa hivyo kama koti. Kazini waliniondoa kwenye mizani, wakanipeleka stoo ya nyuma nisionekane na wageni. Rispa wangu, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikataa kukaa upande wangu wa kulia. Akija kwenye stuli alizunguka nyuma yangu hadi kushoto, kwa adabu kabisa, kana kwamba huko ndiko baba yake alikobaki. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nikiumbwa upya mbele ya mwanangu. Nililia, kwa macho yote mawili safari hii.

Dresa Kariuki alinipa mazoezi ya kufanya mbele ya kioo asubuhi na jioni. Inua nyusi. Kunja pua. Jaza hewa mashavuni. Piga mluzi. Nilijaribu kwa wiki moja. Kila nikitazama kioo nilimwona mtu nisiyemtaka, nikakigeuza kiangalie ukuta.

Mama Rispa alikiona. Alimaliza kwanza kuosha sufuria. Kisha akavuta stuli akaketi mbele yangu, magoti yetu yakigusana.

"Kama hutaki kujiona, niangalie mimi," alisema. "Chenye nitafanya, fanya."

Akainua nyusi. Nikainua, moja ikapanda, moja ikabaki. Akakunja pua. Akajaza mashavu hewa. Halafu akapiga mluzi. Kwetu mwanamke hapigi mluzi, na Mama Rispa, aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo kanisani na mtu wa heshima zake, alipiga mluzi mbele ya mumewe bila kupepesa macho. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa kioo changu.

Baada ya muda niliongeza zoezi langu mwenyewe. Nilichomoa kidomo kwenye honi nikajaribu kukitetemesha. Hewa ilitoroka yote kulia. Nilimpa yeye ajaribu, ili nione uso mzima unavyofanya kazi, labda wangu ungekumbuka. Alitoa mlio wa bata.

"Si hivyo," nilisema, maneno yakinitoka kwa upande mmoja. "Usijaze mashavu. Bana pembeni, katikati pawe laini. Kama mtu anayetaka kutema uzi uliomkaa ulimini."

Akajaribu. Akapata mlio mwembamba, safi. Sikuutilia maanani, nilikuwa nikiutazama mdomo wake kwa wivu tu. Ilinipita kabisa kwamba kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimefundisha kwa maneno.

Mvua za vuli zilikaribia na kaka yangu Zakayo akaja kutoka Maragoli. Alitukuta kwenye stuli zetu, mimi na waya wangu, yeye na mluzi wake.

"Kwani ni nani mgonjwa hapa?" Zakayo aliuliza mlangoni.

"Karibu, shemeji," alisema Mama Rispa, akaenda kuteka maji.

Zakayo hakutaka chai. Alisema babu yetu alikuwa mpiga pembe wa ukoo, pembe yake ilizikwa bila sherehe, na sasa babu amekuja kuchukua mdomo wangu. Ilibidi nirudi nyumbani, kuku achinjwe, wazee wakae. "Hii kitu si ya hospitali, ndugu yangu. Ukiendelea kukaa hapa na waya kwa sikio, utabaki hivyo. Na huyu mke wako anakufanyia michezo ya watoto."

"Shemeji, kuku tutachinja," alijibu Mama Rispa kutoka jikoni. "Lakini atakula hapa hapa, na kesho ataenda kukandwa uso na dresa."

"Mimi naongea na ndugu yangu."

"Na mimi ndiye namlisha."

Walinigeukia wote wawili. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kiasi cha kukubali lolote. Kama Zakayo angelinishika mkono dakika ile ningelipanda gari la moshi pamoja naye. Nilifungua kinywa kusema sijui, nalo neno likakwama mdomoni, mate yakanitoka kidevuni. Mama Rispa aliyapangusa kwa ncha ya leso yake kama anavyompangusa mtoto, mbele ya kaka yangu, na nikaona aibu iliyonikasirisha. Nilimwambia Zakayo nabaki. Aliondoka kesho yake bila kuniaga, na kwa mwaka mzima nyumbani hawakuniletea salamu.

Mvua ikanyesha. Kulabu ikatolewa. Nyusi ya kulia ikaanza kucheza kidogo, na jicho likajifunza kufunga, polepole, kama mlango wenye bawaba mbovu. Nilifurahi kwa hayo. Mdomo haukutikisika. Siku za Jumanne wanabendi walikuja, wakakaa, wakanitazama, nami sikuweza kuwapigia hata noti moja ya kuigiza. Walipiga walichokijua na kwenda zao. Mmoja mmoja wakaanza kukosa.

Ruiru nilikuwa nimetuma habari kwamba naumwa. Mjane alisubiri. Mwishoni mwa vuli, kahawa ikiwa imeiva, mpishi wake alikuja Thika kwa shughuli zake akapitia kwangu.

"Memsabu anasema, Jumamosi ulete honi."

"Niipige?"

"Amesema ulete. Ya kupiga hajasema."

Usiku huo niliipangusa ile shaba kwa majivu laini na mafuta, kila bomba. Mama Rispa alinishikia taa. Jumamosi asubuhi alimpeleka Rispa kwa jirani, akafunga kitambaa chake cha kanisani. "Twende wote," alisema. "Hutaizika peke yako."

Tulishuka basi Ruiru mchana tukaanza kutembea kwenda shambani. Pale njia inapoachana na barabara kuu palikuwa na kizuizi. Kizuizi hicho nilikijua. Askari wa zamani walinijua pia, na kila mwezi waliniambia, "Mwalimu, tupigie kidogo," nikawapigia, nikapita. Siku hiyo hapakuwa na hata mmoja niliyemfahamu. Watu walikuwa wamechuchumaa kando ya njia, mikono kichwani, na lori lenye waya wa kuzuia madirishani lilikuwa limesimama likiwasubiri.

Msimamizi wao alikuwa Mzungu kijana, kaptura imepigwa pasi, uso umeungua na jua. Aliniamuru niondoe shali niliyojifunika. Nilipoiondoa alirudi nyuma hatua moja.

"Wewe iko kunywa pombe?"

"Hapana, bwana. Ni ugonjwa." Lilitoka kama mtu aliyelewa.

Askari alifungua sanduku la honi. Ukumbuke siku zile watu wa msituni walikuwa wakitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, na hapo ndani palijaa mabomba, vali na springi. Askari hakuigusa. Yule kijana aliinama akaitazama muda mrefu, mkono wake ukiwa kiunoni penye bastola.

"Nini hii?"

"Honi ya muziki, bwana."

"Kama iko muziki, wewe piga."

Niliichukua. Niliweka kidomo mdomoni kama nilivyofanya maelfu ya mara, nikavuta pumzi, nikapuliza. Hewa ilitoka fuu upande wa kulia na mate yakaniteremka shingoni. Nilijaribu tena huku nikilibana shavu kwa kidole. Fuu. Askari mmoja alicheka. Yule kijana hakucheka.

"Hii hapana muziki. Kaa chini. Mikono juu ya kichwa."

Nilichuchumaa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa vitani, kwa sababu vitani nilikuwa na upande. Waliopanda lori lile wengine hawakurudi kwao kwa miaka, na mimi nilikuwa na mtoto kwa jirani na sura ambayo hakuna mtu angeiamini.

"Bwana," alisema Mama Rispa. "Mimi nitapiga."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Hakuwa ameigusa honi ile hata siku moja, alikuwa amekijua kidomo tu. Lakini alishalikalia lile sanduku, akaipakata honi kama anayepakata mtoto, akanigeukia. "Baba Rispa, mimi sijui vidole. Kuja."

Nilimtazama yule kijana. Akatikisa kichwa kwamba niinuke.

Nilisimama nyuma yake. Mkono wangu wa kushoto ulipita begani kwake hadi kwenye vali. Wa kulia ukaingia kwenye tundu kubwa la honi. Mbele za watu na bunduki zao nilikuwa nimemkumbatia mke wangu, jambo ambalo hata mlangoni kwetu sikuwahi kulifanya.

"Uzi ulimini," nilimnong'oneza.

Akapuliza. Hakikutoka kitu. Kijana akatazama saa yake. Akapuliza tena, na honi ikatoa mlio wa ng'ombe anayezaa, mkubwa, mchafu, lakini mlio. Niliukunja mkono mle ndani nikauvuta ule mlio chini hadi mahali pake. Mwanamke yule alikuwa na sikio la mwanzilishi wa nyimbo: alipousikia umekaa, aliushika. Nikabonyeza vali, akapanda. Nikaachia, akashuka. Tulipiga mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, polepole, tukikatika kila alipovuta pumzi.

"Basi," alisema yule kijana. "Enda."

Hatukusubiri aseme tena. Tulitembea hadi tulipofichwa na mibuni, ndipo Mama Rispa akakaa chini kwenye majani akacheka na kulia kwa pamoja. Mdomo wake ulikuwa na duara jekundu la kidomo. Nililigusa kwa kidole. Nilimwambia asante, na nilimwambia nampenda, neno ambalo sisi wanaume wa kwetu hulitunza mpaka lioze.

Barazani kwa mjane niliweka sanduku sakafuni nikaeleza nilivyoweza. Alikuwa mzee mkavu asiyependa maelezo. Aliutazama uso wangu bila kugeuza macho, na kwa hilo nilimshukuru. Kabla hajamwita mpishi aje kuichukua, Mama Rispa aliomba kiti. Tukapiga tena ule mstari mmoja, huo huo tu tuliokuwa nao.

Mjane aliitazama mikono yangu, kisha mdomo wa mke wangu. "Nani anapiga hii honi?" aliuliza.

"Ni yeye, memsabu," alijibu Mama Rispa. "Mimi ninampa pumzi tu."

"Mwezi ujao njooni wote wawili," mjane alisema. "Na mjifunze mstari wa pili."

Ndivyo honi ilivyorudi Thika. Kanisani kulizuka maneno, maana mzee mmoja alisema hawezi kuabudu huku mtu amemkumbatia mkewe mbele ya madhabahu. Wakatuweka nyuma ya nguzo. Wanabendi walirudi, na wao sasa nawafundisha kwa maneno, niliyoyapata pale kwenye stuli. Wanapiga vizuri kuliko zamani, na hilo limenipunguzia majivuno. Zakayo alikuja mwaka uliofuata, akamsikiliza shemeji yake akipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaomba chai.

Wewe unayesoma utataka kujua mwisho wa uso. Wangu uliamka nusu. Nikila, jicho la kulia hutoka machozi, na wageni hudhani ugali umenikumbusha marehemu. Nacheka upande mmoja zaidi. Rispa sasa hukaa upande wowote ulio karibu na nyama. Naweza kusema baba, naweza kusema mama, naweza kunywa uji bila kujimwagia. Honi siwezi, na sitaweza. Kariuki alisema kweli. Ikiwa wako utaamka wote, mshukuru Mungu. Ukiamka nusu, tafuta mtu wa kukaa mbele yako, na kioo kigeuze ukutani.

Mama Rispa alishajifunza vali zamani. Kiganja chake pia kimejua njia ndani ya honi, na kusema haki hanihitaji tena. Jumapili mimi hukaa kando yake nyuma ya nguzo, mikono magotini. Lakini kila tukifika ubeti wa mwisho, yeye huuchomoa mkono wake wa kulia, hushika bomba, na kuacha tundu wazi. Hanitazami. Husubiri tu, pumzi ameshaivuta, mpaka niingize wangu.